Hujui kuogelea, na wenzako wanataka mto wenye kasi

Umeuliza kama uende na marafiki kushuka mto kwa boti ya mpira ilhali hujui kuogelea. Nenda, ila kwanza mkubaliane ni mto wa daraja gani. Maji ya mto hupangwa kwa ukali, kuanzia daraja la 1, tulivu, hadi la 6, makali kupindukia. Kwa wanaoanza 3 inatosha kabisa, hata kama kuna mbabe kundini anayedai 5. Mwambie kiongozi wa boti mapema kwamba huogelei, usione haya. Jaketi la kuokolea likazwe hadi ukivutwa mabegani lisipande kidevuni. Ukitupwa majini usijaribu kusimama: mguu ukinasa kwenye mawe, mkondo unakulaza kifudifudi. Lala chali, vidole vya miguu vichungulie juu, miguu itangulie maji yanakoelekea. Na jinzi iache nyumbani, ikilowa ni mzigo.