Mwanangu anakwenda kusoma India, ule wajibu wao wa katiba unamhusu?

SUALI: Asalam aleykum. Mwanangu kapata nafasi ya kusoma India, karibu anasafiri inshaallah. Sasa kuna kijana hapa mtaani karudi huko ananambia katiba yao ina wajibu 11 wa raia, kuheshimu bendera na wimbo wa taifa, kuhurumia wanyama, mpaka kuwa na fikra za kisayansi, na asofuata anafungwa. Mie roho juu, huyu wangu hata kuamka asubuhi mpaka umburure. Jee atafungwa kweli?
Mama Mwanafunzi, Wete

JAWABU: Waaleykum salaam mama, teremsha roho. Kile kifungu chao, 51A, kimesema ni wajibu wa kila raia wa India, na mwanao anakwenda na pasi ya Tanzania na viza ya mwanafunzi, basi hakimo shingoni mwake. Na hata Mhindi mwenyewe hafungwi kwa kifungu kile peke yake, maana hakikuwekewa adhabu, huwezi kumburuta mtu mahkamani eti hana fikra za kisayansi, ingekuwa hivyo jela zingejaa, za kwao na za kwetu.

Zinazouma ni sheria za kawaida, na hizo haziulizi pasi. Ipo ya 1971 ya kulinda heshima ya taifa, mtu akizuia makusudi wimbo wa taifa usiimbwe au akawafanyia fujo wanaoimba, anaweza kula hadi miaka 3. Lakini kutoimba tu si kosa. Kule jimbo la Kerala watoto watatu wa Mashahidi wa Yehova walifukuzwa skuli kwa kutoimba, na wao walikuwa wakisimama kwa adabu zao wenzao wakiimba, kesi ikenda mpaka Mahkama ya Juu na 1986 ikaamuliwa warudishwe, hakuna sheria inayomlazimisha mtu kuimba. Kwa hivyo mwanao wimbo ukipigwa asimame, simu atie mfukoni, basi.

Ila huyo kijana wako hakukwambia kuwa wajibu huu haukuwemo tangu mwanzo. Katiba imeanza kutumika 26 Januari 1950, wajibu ukaja kuingizwa 1976 kwa marekebisho ya 42, wakati waziri mkuu wao Indira Gandhi katangaza hali ya hatari, wapinzani wako ndani na magazeti yanachujwa. Serikali kuwakumbusha watu wajibu huku haki zao imezifungia kabatini, mie hainikai vizuri. Lakini aliposhindwa uchaguzi 1977 waliokuja walifuta mengi ya marekebisho yale na kifungu hiki cha wajibu wakakiacha kibaki. Wajibu mwanzo ulikuwa 10, wa 11 uliongezwa 2002 na huo unakuhusu zaidi wewe kuliko yeye, ni mzazi kumsomesha mtoto wa miaka 6 hadi 14, ungekuwa Mhindi ushamaliza zamani.

SUALI: Na kulipa kodi na kupiga kura mbona sikuziona kwenye orodha yao?
Msomaji, Mkunazini

JAWABU: Hazimo zote mbili. Kodi ilipendekezwa na kamati ya Swaran Singh, ile iliyopendekeza wajibu uingizwe katibani, haikupita, lakini usifurahi, sheria za kodi wanazo na zina meno. Kwetu katiba ya Muungano ya 1977, ibara ya 25 mpaka 28, inataja kufanya kazi, kutii sheria, kulinda mali ya umma na kulinda taifa, kura imewekwa upande wa haki.