Hati, rehani, zuio: maneno ya kuyaelewa kabla hujatoa arbuni (fedha ya kushikia nyumba)

Mleta mada anataka kununua nyumba, na anasema dalali kamwambia ina "hati safi", halafu akamrushia na maneno mengine asiyoyaelewa: milki ya muda, rehani, umiliki wa pamoja, zuio, haki ya njia. Dalali hulipwa mauzo yakikamilika, usimfanye mpekuzi wako.

Umiliki ni haki, hati ni karatasi inayoieleza haki hiyo. Palipo na daftari la ardhi la mfumo wa Torrens, ulioanzia Australia Kusini mwaka 1858, mwenye mali ni aliyeandikwa daftarini, hata kama karatasi inashikwa na mwingine. Kwa hiyo peleka namba ya hati na ya kiwanja kwa msajili, ufanye upekuzi. Utaona jina, ukubwa, na kila kilichosajiliwa juu ya mali. Rudia tena siku ya kulipa, maana rehani inaweza kuandikishwa hapo katikati.

Milki huru haina ukomo. Milki ya muda inao, na swali lake ni imebaki miaka mingapi. Hati ya miaka 99 iliyokwishatumika 71 imebakiza 28. Ukiombea mkopo wa miaka 25, deni likiisha dhamana itakuwa na miaka 3 tu ya uhai. Wakopeshaji wengi hapo watakukatalia.

Rehani: unabaki na nyumba, ila mkopeshaji ana haki ya kuiuza ukishindwa kulipa. Watu wengi hawaielewi hesabu yake. Chukua mkopo wa 100,000, riba 12% kwa mwaka, miaka 20. Rejesho la mwezi ni kama 1,101. Mwezi wa kwanza 1,000 ni riba, na deni linapungua kwa 101. Ukimaliza mwaka umetoa zaidi ya 13,200, na bado unadaiwa kama 98,700. Anayeuza nyumba mapema hushangaa hapo. Na ukinunua nyumba yenye rehani, dai hati ya kufuta rehani isajiliwe. Barua ya "deni limekwisha" haitoshi.

Majina mawili kwenye hati yana maana mbili tofauti. Katika umiliki wa pamoja usiogawanyika, mmoja akifa sehemu yake inakwenda kwa aliyebaki, haiingii kwenye mirathi. Katika umiliki wa hisa, mathalani 70 kwa 30, kila mmoja anaweza kuuza au kurithisha hisa yake. Aina isipotajwa, sheria ya mahali inawachagulia, na mara nyingi mnaigundua msibani.

Zuio ni tangazo daftarini kwamba kuna mtu ana dai. Likiwepo, usilipe mpaka liondolewe.

Haki ya njia ni ruhusa ya mwingine kupita, au kupitisha bomba na nyaya, kwenye ardhi yako. Inafuata ardhi, haimfuati mtu: ukinunua, unanunua nayo. Mahali pengi hata njia iliyopitwa miaka mingi bila kuandikishwa inaweza kulindwa na sheria. Ukijenga juu yake unaweza kuamriwa kubomoa. Basi nenda na ramani ya upimaji, upime bikoni (jiwe la mpaka) hadi bikoni. Kiwanja cha mita 20 kwa 30 ambacho ukuta wa jirani umeingia mita 1.5 upande mrefu kimepungua mita za mraba 45, na hati itaendelea kusema 600.

Arbuni sasa. Si sawa na malipo ya awali ya kawaida: mnunuzi akijitoa, kwa kawaida imeliwa. Andika kwenye mkataba kwamba inarudishwa yote upekuzi ukionyesha rehani, zuio au jina tofauti na la muuzaji, na fedha ishikwe na wakili mpaka uhamisho usajiliwe.