Maswali na Majibu: Ngoma na Wenyewe

Kwetu Ugogoni mama zetu ndio wanaopiga ngoma. Nilipohamia kwingine niliambiwa kwamba ni mwiko mwanamke kugusa ngoma. Nani yuko sahihi? (Msomaji, Dodoma)

Kila upande una haki kwake, kwa sababu mwiko huo haumo katika ngoma yenyewe bali katika kazi ambayo jamii imeikabidhi. Katika muheme ya Wagogo, wanawake huibana ngoma katikati ya mapaja na kuipiga kwa viganja, na mchezo mzima huwafuata wao. Kwa Warundi, neno *ingoma* lina maana ya ngoma na pia ufalme, na kuzipiga ngoma za mwami, yaani mfalme, ilikuwa dhamana ya wanaume wa koo maalumu. Ndiyo sababu mwaka 2017, miaka 3 baada ya UNESCO kuuingiza mchezo wa ngoma hizo katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika, amri ya rais wa Burundi iliwakataza wanawake kuzipiga. Mimi siiungi mkono amri hiyo, kwani wakati huo wapo wanawake wa Kirundi waliokuwa wakipiga ngoma na kuziona kuwa ni zao pia.

Babu yangu alikuwa akisifia beni. Je, ile si ngoma ya kuiga Wazungu tu? (Msomaji, Tanga)

Jina limetokana na bendi za kijeshi za Wazungu, na hilo halina ubishi. Hata hivyo, anayeishia hapo hajaiona beni. Ilipochipuka katika miji ya pwani ya Kenya mnamo miaka ya 1890, tayari watu wa mitaa ya miji hiyo, kama Mkomani na Langoni kule Lamu, walikuwa na desturi ya kushindana kwa ngoma, kwa mavazi, kwa karamu na kwa mashairi ya kujibizana. Baragumu, sare na mwendo wa gwaride viliingizwa ndani ya ushindani huo wa kale. Vyama vikubwa vya beni, Marini na Arinoti, vikawa na vyeo vyao vya kifalme na kijeshi, vikasaidia wanachama katika misiba, vikampa kijana wa bandarini heshima ambayo mwajiri wake hakumpa. Vita Kuu ya Kwanza ilipowatawanya askari na wapagazi, beni ilisafiri nao hadi bara. Ukifika ufukwe wa Ziwa Nyasa utaikuta jamaa yake, mganda, wanaume wakiwa wamepanga mistari iliyonyooka na kaptula nyeupe zilizopigwa pasi, na baragumu la shaba limegeuka kibuyu cha kupulizia. Sijui namna bora zaidi ya kuonyesha jinsi watu wanavyokipokea kitu cha mgeni na kukifanya chao.

Je, ni sawa kwa mtu asiye Mmakonde kucheza sindimba jukwaani? (Msomaji, Mtwara)

Ni sawa, mradi amefundishwa maana yake. Baada ya uhuru, Mwalimu Nyerere alipounda wizara ya utamaduni mwaka 1962, alisikitika kwamba wasomi waliijua rumba na chachacha lakini hawakuwahi hata kusikia habari za gombe sugu au kiduo. Kikundi cha taifa kilipoanzishwa, wachezaji wa makabila mbalimbali walijifunza ngoma za wenzao, na sindimba ikawa mashuhuri nchi nzima. Tatizo ni kwamba kilichosafiri zaidi ni kiuno. Shughuli za jando na unyago, ambamo mwendo ule ni sehemu ya mafunzo ya utu uzima, zilibaki kijijini, na watazamaji wa mjini wakaona utovu wa adabu mahali ambapo wenyewe waliona elimu. Lawama hiyo waliibeba Wamakonde, na haikuwa haki.

Mimi ni Msukuma, mke wangu Mzaramo, na watoto wamezaliwa Dar es Salaam. Wanapenda singeli. Niwafundishe ngoma gani? (Msomaji, Temeke)

Wafundishe zote mbili, na singeli waachie, kwa kuwa imezaliwa katika mitaa yao wenyewe. Mdundiko, ngoma ya Kizaramo, watakutana nao mtaani siku ya harusi. Kwa ngoma za Kisukuma, wapeleke Bujora, karibu na Mwanza, wakati wa sherehe za Bulabo mwezi Juni. Huko Bagika na Bagalu, vyama viwili vya wachezaji vinavyoshindana, hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, na upande unaowavuta watazamaji wengi ndio unaoshinda, hivyo mtoto wako hatakuwa mtazamaji tu: miguu yake itahesabiwa. Wasimamishe pia karibu na wachezaji wa bugobogobo, wayaone majembe yakirushwa juu na kudakwa kwa mpini bila mdundo kukatika, kisha uwaeleze kwamba ngoma hiyo iliwaongoza bibi na babu zao shambani, safu nzima ikiinua na kushusha jembe kwa pamoja.