Tela la mizigo kuwa chumba cha kuishi: anza na maji, si na kitanda

Ndugu muulizaji, salaam. Umesema umenunua tela la mizigo lililofungwa pande zote, lenye urefu wa mita 3.6 na upana wa mita 1.8, na kwamba wewe na mke wako mnakusudia kuishi humo. Umeuliza kama uanze na kitanda na kabati ili mhamie mapema, kama bodi ya povu gumu la kuzuia baridi na joto, yenye unene wa milimita 25, inatosha ukutani, na kama mlango wa nyuma unaoshuka chini kama daraja ubaki au uondolewe. Mimi na mke wangu tuliishi miaka mitatu ndani ya tela la ukubwa huo huo, na nililitengeneza mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza nilianza na kitanda. Nitakujibu kwa kirefu, kwa kuwa makosa ninayotaka uyaepuke hayaonekani mpaka umeshayafunika kwa mbao.

Tela la mizigo limeundwa kubeba vitu visivyopumua. Ni mabati membamba yaliyopigwa riveti au kubandikwa juu ya mbavu za chuma au alumini, ambazo kwa kawaida zimeachana kwa sentimita 40 au 60, na halina tundu la hewa la maana. Ukilaza watu wawili humo, pumzi na jasho lao kwa usiku mmoja hutoa maji yanayokaribia nusu lita, na maji hayo yakiwa hewani hutafuta sehemu yenye baridi kuliko zote ili yatue hapo. Ndani ya tela, sehemu hiyo ni chuma.

Asubuhi moja ya miezi ya baridi nilifumbua macho nikaona dari imepangwa matone. Hayakuwa yametapakaa ovyo. Yalikuwa kwenye mistari iliyonyooka kutoka ukuta hadi ukuta, na kila tone lilining'inia kwenye kichwa cha skrubu, kiasi kwamba ningeweza kuhesabu mbavu za paa bila kuziona. Niligusa skrubu moja ikawa baridi kama bomba la maji alfajiri, na tone likateremka mpaka kwenye kiwiko. Tulipoinua godoro tulikuta upande wake wa chini una madoa meusi ya kuvu, yamekoza zaidi pale mabega yetu yalipokuwa yakilala, na plaiwudi iliyokuwa chini yake ilikuwa imelowa hata ukiminya kwa kidole gumba inaacha alama. Nilipobandua ubao wa ukuta, kutu ilikuwa imeshaanza kuzunguka matundu ya riveti. Yote hayo yalitokea katika tela ambalo halikuwa limevuja hata tone moja la mvua.

Kwa hiyo jibu la swali lako la pili ni kwamba milimita 25 zinaweza kutosha, lakini si kwa namna watu wengi wanavyoziweka. Mara ya kwanza nilikata bodi za povu gumu nikazipachika katikati ya mbavu, kisha nikapiga plaiwudi moja kwa moja juu ya mbavu hizo. Nilidhani nimeuziba ukuta, kumbe nilikuwa nimeziba nafasi tu na kuziacha mbavu zenyewe wazi. Chuma hupitisha joto zaidi ya mara elfu moja kuliko povu gumu, na alumini hupitisha zaidi ya hapo, hivyo kila ubavu ni njia ya baridi kutoka nje hadi kwenye skrubu iliyo juu ya uso wako. Mara ya pili nilirudisha bodi za milimita 25 kati ya mbavu, nikazigandisha kwenye bati kwa gundi isiyoyeyusha povu ili hewa isipite nyuma yake, kisha nikatandaza bodi nyingine ya milimita 12 isiyokatizwa, ikapita juu ya mbavu zote, ukutani na darini, na maungio yake yote nikayaziba kwa mkanda wa alumini. Tunapoteza sentimita chache za upana, na nakiri kwamba ndani ya mita 1.8 kila sentimita ina thamani, lakini hizo ndizo sentimita ambazo sijawahi kuzijutia. Skrubu za plaiwudi ziwe chache na zipite mahali ambapo ubavu umefunikwa na bodi hiyo ya pili. Sufi ya madini ni nzuri kwa moto na kwa kelele, ila sikushauri uitumie nyuma ya bati, kwa sababu ikilowa hukaa na maji yake kimya kimya. Povu la kupuliza hushika vizuri sana, lakini likipulizwa kwa wingi mara moja linaweza kulipinda bati jembamba la nje, na bati likishapinda halirudi. Povu lolote utakalochagua lifunikwe lote kwa ubao, kwani linaungua haraka na moshi wake ni sumu.

Hata ukuta uliozibwa vizuri hauyaondoi maji; unayazuia tu yasitue. Yanaondolewa na hewa, na hewa inahitaji pa kuingilia na pa kutokea. Weka feni ya paa inayotoa hewa nje, ya ukubwa wa kawaida wa sentimita 36 kwa 36, upande mmoja wa tela, na tundu la kuingiza hewa karibu na sakafu upande wa pili, lenye wavu wa kuzuia wadudu. Feni ikizungushwa polepole usiku kucha hula umeme kidogo sana na haisumbui usingizi. Mke wangu aliipinga mwanzoni, akiona tunatupa nje joto tulilolitafuta kwa shida, na hoja yake ilikuwa na uzito. Lakini wiki ya kwanza tu mashuka yalikuwa makavu na harufu ile ya stoo iliyofungwa ikaondoka. Chini ya godoro usiweke ubao mtupu. Weka chaga zenye nafasi ya vidole vitatu, na sanduku la kitanda liwe na matundu pembeni ili hewa ipite.

Jiko la gesi ni sehemu ya habari hii hii. Kilo moja ya gesi ya kupikia ikiungua hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji kwa njia ya mvuke, mbali na mvuke wa sufuria yenyewe, kwa hiyo anayewasha jiko ili apashe chumba joto anakilowesha chumba hicho huku akila hewa ya kupumua. Tafadhali msifanye hivyo hata usiku mmoja. Kipasha joto kinachofaa ni kile kinachovuta hewa ya kuchomea kutoka nje na kutoa moshi nje. Mtungi wa gesi ukae nje kwenye mkono wa tela, yaani ile sehemu ya mbele inayounganishwa na gari, au kwenye kisanduku kilichozibwa upande wa ndani na chenye tundu la kutokea chini, maana gesi hii ni nzito kuliko hewa na ikivuja hujaa sakafuni. King'ora cha kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na harufu, ninakihesabu pamoja na magurudumu: bila hicho tela halijakamilika.

Kabla ya hayo yote, thibitisha kwamba paa halivuji, wakati mabati bado yako wazi kwa ndani. Mwombe mkeo akae ndani na tochi, milango imefungwa, nawe umwagie maji kwa mpira ukianzia chini na kupanda taratibu, dakika chache kila mshono. Ukianzia juu, maji yatateremka kwenye mishono yote na hutajua ni upi unaovuja. Aliyeniuzia langu alinihakikishia kwamba paa ni zima, na kwa kweli paa lilikuwa zima. Palipovuja ni kwenye taa ndogo za pembeni, mahali ambapo nisingefikiria kutazama. Kila tundu utakalotoboa, la dirisha au la feni, lipigwe tupa, makali yake yapakwe rangi ya kuzuia kutu, na fremu ikae juu ya mkanda wa butili, mpira laini unaonata na kuziba maji. Silikoni usiipake juu ya paa. Ikizeeka hung'oka, na hakuna kitu kingine kitakachoshika mahali ilipokuwa.

Sasa uzito, ambao hukuuliza, nami naona ulipaswa kuwa swali la kwanza baada ya maji. Tazama kibati cha tela lako kinachotaja uzito wa juu unaoruhusiwa. Changu kilisema kilo 1,350, na tela tupu lilikuwa na kilo 540, kwa hiyo nilikuwa na kilo 810 za kugawana kati ya mbao, betri, maji, vyombo na nguo. Zinasikika nyingi. Ubao mmoja wa plaiwudi ya milimita 12, wa mita 1.22 kwa 2.44, una takriban kilo 20, na mara ya kwanza nilitumia mbao za namna hiyo hadi kwenye milango ya kabati. Mara ya pili kuta zikawa za milimita 5 na kabati zikawa za fremu nyembamba zenye mapazia badala ya milango. Usikisie: likokote tela hadi kwenye mizani ya magari likiwa tupu, kisha tena likiwa limejengwa nusu, ungali na nafasi ya kubadili mawazo.

Namna uzito ulivyogawanywa ni jambo zito kuliko jumla yake. Mkono wa tela unapaswa kulalia gari la kuvuta kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote. Mimi niliweka tanki la lita 80 na betri nyuma, chini ya kitanda, kwa sababu ndiko kulikokuwa na nafasi, na safari ya kwanza, kwenye mteremko, tela lilianza kuyumba kushoto na kulia, kila mara likizidi lililotangulia, mpaka gari lenyewe likawa linavutwa mkia. Niliachia pedali ya mafuta, nikashika usukani bila kupambana nao, na likatulia; nilipoegesha, mikono ilikuwa inatetemeka. Tanki sasa liko mbele kidogo ya ekseli, kwa kuwa lita moja ni kilo moja na tanki hujaa na kuisha, na kitu kinachobadilika uzito kikae karibu na ekseli ili kisiuchezee mkono wa tela.

Kuupima uzito wa mkono hakuhitaji chombo cha ghali. Chukua boriti imara, upande mmoja ulalie bomba lililowekwa chini, upande wa pili ulalie mizani ya kupimia watu, kisha teremsha mkono wa tela juu ya boriti, ukiwa kwenye theluthi ya urefu kutoka kwenye bomba. Soma mizani, toa uzito ambao boriti peke yake ilikuwa imeonyesha, kisha zidisha kwa tatu.

Kuhusu umeme nitasema machache, kwani umesema unaujua. Betri ya lithiamu ya amp-saa 100 kwenye volti 12.8 ina takriban wati-saa 1,280, nayo ilitutosha kwa feni, taa, simu na friji ndogo palipokuwa na jua. Fyuzi kuu ikae karibu kabisa na ncha chanya ya betri. Betri ya aina hiyo isichajiwe ikiwa chini ya nyuzi 0, ndiyo maana yetu iko ndani ya chumba, si kwenye kisanduku cha nje.

Nimalizie na milango, na hapa naomba unisikilize kwa makini. Milango ya tela la mizigo hufungwa kwa komeo la nje, kwa kuwa mizigo haihitaji kutoka yenyewe. Mtu yeyote akipita na kulisukuma komeo hilo, au likishuka lenyewe kwa mtikisiko, mtakuwa mmefungiwa ndani ya sanduku la chuma lenye jiko la gesi. Kabla hamjalala humo usiku wa kwanza, ondoa komeo la mlango wa pembeni na uweke kitasa kinachofunguka kutoka ndani bila ufunguo. Hakikisha pia kuna njia ya pili ya kutokea, mbali na jiko, ambayo kila mmoja wenu ameshaipita kweli, gizani, si kwa kuitazama tu.

Kwa sababu hiyo mlango wa nyuma niliuondoa. Ulikuwa mzuri ukiwa wazi jioni, ila ulikuwa mzito, mpira wake haukuziba upepo, na usingefunguka kutoka ndani. Mahali pake nilijenga ukuta wenye dirisha la sentimita 70 kwa 50 linalosukumwa kwenda nje, usawa wa kitanda, na hilo ndilo njia yetu ya pili. Ukiamua kufanya hivyo, zingatia springi inayousaidia mlango kupanda: mvutano wake ni mkubwa zaidi mlango ukiwa umeshuka, kwa hiyo usiguse nyaya zake katika hali hiyo. Uinue mlango na kuufunga kwanza, kisha mwite fundi aliyewahi kuilegeza springi ya namna hiyo, kwa maana hata mlango ukiwa umefungwa inabaki na nguvu ya kuvunja mkono.