Kipimo cha mawimbi ya ubongo: usikivu ndiyo, kumbukumbu kwa tahadhari

Ndugu muulizaji, umeuliza kama mawimbi ya ubongo yaliyorekodiwa mwanao akiwa usingizini yanatosha kuamua usikivu na kumbukumbu yake ya sauti. Kwa usikivu, mawimbi ya shina la ubongo (sehemu ya chini inayouunganisha ubongo na uti wa mgongo), yanayotokea ndani ya milisekunde 10 hivi baada ya mlio, yanaaminika sana, ingawa mlio mfupi wa kawaida huonyesha zaidi masafa ya hezi 2000 hadi 4000, hivyo upungufu wa kusikia sauti nzito pekee unaweza kupita bila kugunduliwa. Kumbukumbu ni suala jingine: wimbi la kutambua sauti iliyobadilika, linalotokea ubongo unapolinganisha sauti mpya na kumbukumbu ya zilizotangulia, na lililoelezwa na mtafiti wa Ufini Risto Näätänen na wenzake mwaka 1978, hutofautisha makundi ya watu, lakini kwa mtu mmoja huyumba mno. Nisingemhukumu mtoto kwa hilo.