Je, wakulima wa pamba Mwanza walikuwa na chama chao cha siasa kabla ya uhuru?

Mkuu umeuliza kama wakulima wetu huku Kanda ya Ziwa walishawahi kuwa na chama chao cha siasa, chama cha siasa hapana ila walikuwa na ushirika na ule ushirika ulikuwa na nguvu kweli. Chanzo ni mizani aisee, mkulima anabeba pamba yake mpaka kwa mnunuzi anapunjwa kilo, ndo kina Paul Bomani wakaanza kuwaunganisha, 1955 ikazaliwa Victoria Federation of Co-operative Unions. Na kumbuka mkoloni alikuwa ameipiga TANU marufuku Usukumani tangu 1954 hadi 1958, kwa hiyo mtu akitaka kukutana na wenzake wakaongea shida zao anaenda wapi kama sio ushirika? Baadae Bomani akawa waziri wa fedha. Mi hawa wazee nawaheshimu sana.