Kabla Hujanunua Dola Ishirini ya 1931

Juzi dada mmoja aliyeko Texas kaniandikia: "Kaka, nimepata sarafu ya dhahabu ya dola 20, ya mwaka 1931. Muuzaji anasema ni adimu sana, ila ananipunguzia kwa kuwa ana shida ya haraka. Ninunue?"

Niliusoma ujumbe huo nikiwa kazini, mikono ikaniisha nguvu. Maneno hayo hayo niliambiwa mimi, hapa Ohio, miaka sita iliyopita.

Najua tunachotafuta sote: kitu kidogo chenye thamani, cha kumwachia mtoto. Nilikuwa na akiba niliyoipata kwa kuendesha lori. Muuzaji akanionyesha kitabu: mwaka 1931 kiwanda cha sarafu cha Philadelphia kilipiga chapa sarafu hizi 2,938,250. Nikamuuliza, karibu milioni tatu, uadimu unatoka wapi? Akanipa historia, na historia ile ilikuwa ya kweli. Hapo ndipo aliponimaliza.

Tarehe 5 Aprili 1933, Rais Franklin Roosevelt aliamuru wananchi wapeleke dhahabu yao benki ifikapo Mei 1, walipwe dola 20.67 kwa wakia. Sarafu adimu za wakusanyaji zilisamehewa. Lakini nyingi za miaka ile ya mwisho hazikuwahi kufika mikononi mwa watu. Zilikuwa zimelala kwenye mifuko hazinani, na humo humo zikachukuliwa kwenda kuyeyushwa kuwa matofali ya dhahabu.

Sasa zitazame za 1927 za Philadelphia: 2,946,750. Zinazidi za 1931 kwa sarafu 8,500 tu! Ila za 1927 zilisafirishwa kwa wingi kwenda benki za Ulaya, zikapona huko, na baadaye zikarudi Marekani. Leo unaipata kwa bei isiyo mbali sana na ya dhahabu iliyomo, wakati ya 1931 inauzwa kwa bei ya nyumba. Za 1927 zenye herufi D, yaani zilizopigwa kiwanda cha Denver, zilikuwa 180,000. Zinazojulikana leo hazifiki 20. Za 1933 zilipigwa 445,500, na iliyoruhusiwa kisheria kumilikiwa na mtu binafsi ni moja, iliyouzwa dola milioni 18.9 mwaka 2021. Kwa hiyo ukitajiwa idadi iliyopigwa chapa, swali lako liwe: zilienda wapi?

Mengi ya hayo niliyajua, na bado niliumia. Nilinunua sarafu tupu, haina cheti wala kasha, lile la plastiki linalofungwa na wathibitishaji, yaani kampuni zinazokagua sarafu kama ni halisi. Niliipima: gramu 33.4, sawasawa kabisa. Baada ya kulipa ndipo nikaipeleka kwa wathibitishaji hao. Ikarudi na maneno mawili: si halisi. Usiku ule nikakaa mezani na kioo cha kukuzia, nikaikagua chini kulia, karibu na mguu wa mwanamke aliyeshika mwenge, aliyechorwa kwenye sarafu hizi, pale mwaka unapokaa. Kingo za tarakimu zilikuwa zimelainika kama sabuni iliyotumika, na pembeni ya ile 1 ya mwisho kulikuwa na vipele viwili vilivyoinuka. Dhahabu ilikuwa ya kweli, mwaka ulikuwa wa uongo. Nilimuuzia sonara kwa uzito. Akaitupa kwenye bakuli pamoja na hereni zilizokatika. Muuzaji wangu hakupokea simu tena, na sitaficha, bado inaniuma.

Dada yangu, usinunue sarafu ya mwaka adimu isiyo na kasha la wathibitishaji. Narudia, usinunue. Hata ikiwa na kasha, ichukue namba yake uihakiki kwa wathibitishaji wenyewe. Mizani haitoshi, kwa sababu waghushi hutumia dhahabu ya kweli. Faida yao iko kwenye mwaka. Na mtu mwenye 1931 halisi hana sababu ya kukupunguzia wewe, mnada utamlipa vizuri zaidi. Vijana wetu huku tunapenda njia ya mkato, tunaona aibu kuuliza, tunalipa kwanza. Uliza kwanza! Mimi leo nina ya 1927, ya kawaida, imo kwenye kasha lake, na najivunia kuliko chochote nilichonunua nchi hii.

Kama hujalipa, mwambie sarafu ipelekwe kwanza kwa wathibitishaji, gharama mgawane. Akikataa, ondoka. Kama umeshalipa, nitumie leo leo picha mbili: ya tarakimu za mwaka kwa karibu, na ya ukingoni penye herufi na nyota.